Bamba kama Shahidi: Uhakiki wa Atlasi ya Wagner na Bladt na Matumizi Yake katika Utafiti wa Dawa za Mitishamba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kitabu cha Hildebert Wagner na Sabine Bladt kiitwacho Plant Drug Analysis: A Thin Layer Chromatography Atlas, toleo la pili la mwaka 1996, pamoja na namna kinavyosomwa katika tasnifu zinazochunguza dawa za mitishamba. Hoja kuu ni kwamba bamba la kromatografia ya tabaka jembamba ni ushahidi wa ulinganishi. Bamba husema jambo la kuaminika kuhusu utambulisho wa sampuli pale tu sampuli hiyo inapowekwa pamoja na sampuli rejea iliyothibitishwa, kwenye bamba hilohilo. Atlasi imejengwa juu ya kanuni hii, lakini uzuri wa picha zake humfanya msomaji aisahau. Makala yanaonesha makosa matatu ya usomaji yanayotokana na usahaulifu huo, yanaeleza madhara yake kwa kutumia tukio la Ubelgiji la miaka ya 1990, kisha yanapendekeza maswali ambayo watahini wanapaswa kuyauliza.

1.0 Utangulizi

Kitenzi kuhakiki kina kazi mbili katika Kiswahili. Mhakiki wa fasihi huhakiki riwaya ili kuonesha ubora na udhaifu wake. Ofisa wa utumishi naye huhakiki vyeti ili ajue kama ni halisi au ni vya kughushi. Kazi zote mbili zinakutana katika makala haya. Tunakihakiki kitabu kwa maana ya kwanza, na kitabu chenyewe kinafundisha kuhakiki dawa kwa maana ya pili. Swali linalotuongoza ni hili: je, mtafiti anayekitumia kitabu hiki anaihakiki dawa kweli, au anairembesha tasnifu yake kwa picha na takwimu zisizothibitisha kitu?

Kromatografia ya tabaka jembamba si mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya mambo mengine ikaja kuazimwa na wachunguzi wa mitishamba. Mwaka 1938, huko Kharkiv, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber walichapisha mbinu ya kutenganisha viambato kwenye tabaka la alumina lililotandazwa juu ya kioo, na walichokichunguza kilikuwa ni dawa zilizotengenezwa kutokana na mimea. Mwaka 1951 Justus Kirchner na wenzake nchini Marekani walitumia vipande vya kioo vilivyopakwa silika kuchunguza terpeni. Baadaye, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, Egon Stahl wa Ujerumani alisanifisha vifaa, unene wa tabaka na utaratibu mzima, na ndipo mbinu ikaenea duniani. Kwa hiyo, mtafiti anayepaka dondoo la mizizi kwenye bamba leo anarudia kazi iliyokuwa chimbuko la mbinu yenyewe.

Utendaji wake ni rahisi kueleza. Bamba la kioo au alumini hupakwa tabaka la jeli ya silika. Dondoo la mmea huwekwa kama doa au mstari karibu na ukingo wa chini, kisha bamba husimamishwa ndani ya chemba yenye mchanganyiko wa viyeyushi. Kiyeyushi hupanda tabaka kama mafuta yanavyopanda utambi. Kampaundi zinazong'ang'ania silika hubaki nyuma, na zile zinazopenda kiyeyushi husafiri mbali. Bamba likikaushwa, huangaliwa chini ya miale ya urujuanimno na baada ya kupuliziwa kitendanishi. Umbali uliosafiriwa na doa ukigawanywa kwa umbali uliosafiriwa na kiyeyushi hutoa uwiano uitwao Rf. Wepesi huu ndio sifa ya mbinu, na kama tutakavyoona, ndio pia mtego wake.

2.0 Atlasi na Mpangilio Wake

Kitabu cha Wagner na Bladt kilitoka kwanza kwa Kijerumani, kikafuatiwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1984. Toleo la pili la 1996 lilipanuliwa, na ndilo linalorejelewa zaidi. Sura zake zimepangwa kwa makundi ya viambato: dawa zenye alkaloidi, zenye antrakwinoni, zenye uchungu, zenye glikosidi za moyo, zenye kumarini, zenye mafuta tete, zenye flavonoidi, zenye saponini, na kadhalika, hadi sura ya uchunguzi wa dawa isiyojulikana.

Kila sura hufuata mfuatano mmoja. Huanza na namna ya kuandaa dondoo, hufuata mchanganyiko wa viyeyushi, kisha vitendanishi vya kuonesha madoa, orodha ya dawa, miundo ya kampaundi, na mwishowe picha za rangi pamoja na maelezo yake. Michanganyiko iliyomo imekuwa kama methali katika maabara. Mwanafunzi anayechunguza mafuta tete hutumia toluini na ethili asetati kwa uwiano wa 93 kwa 7. Wa alkaloidi huongeza diethilamini na kupata 70 kwa 20 kwa 10. Wa flavonoidi hutumia ethili asetati, asidi fomiki, asidi asetiki na maji kwa uwiano wa 100 kwa 11 kwa 11 kwa 26. Namba hizi hunakiliwa kutoka tasnifu moja hadi nyingine, mara nyingi bila maelezo ya kwa nini zilichaguliwa.

3.0 Ubora wa Atlasi

Ubora wa kwanza ni kwamba atlasi inamfundisha msomaji kuliangalia bamba zaidi ya mara moja. Bamba lilelile linaweza kuonekana tupu chini ya mwanga wa kawaida, likaonesha madoa meusi chini ya miale ya nanomita 254, likang'aa kwa buluu na machungwa chini ya nanomita 365, kisha likabadilika tena baada ya kupuliziwa kitendanishi. Kila mwanga unauliza swali tofauti. Kule kwenye nanomita 254, doa jeusi maana yake ni kwamba kampaundi imefyonza miale na kukizuia kiashiria kilichomo ndani ya tabaka kisimulike. Kampaundi isiyofyonza miale hiyo haitaonekana, ijapokuwa ipo.

Ubora wa pili ni sampuli rejea. Katika picha za atlasi, dondoo la mmea husindikizwa na kampaundi zinazojulikana, zilizopitishwa kwenye bamba lilelile. Msomaji hahitaji kuamini neno la mwandishi kwamba doa fulani ni rutini, kwa kuwa rutini yenyewe imewekwa kando yake.

Ubora wa tatu, ambao kwa maoni yetu ndio mkubwa kuliko yote, ni kwamba atlasi inaonesha walaghai pamoja na wa kweli. Mfano mzuri ni ua la arnika. Dawa halisi hutokana na Arnica montana, lakini sokoni imewahi kuuzwa Heterotheca inuloides, iitwayo arnika ya Meksiko. Maua yakikaushwa na kusagwa, jicho la mnunuzi haliwezi kuyatofautisha. Bamba la flavonoidi hulimaliza shauri, kwani mstari wa machungwa wa rutini huonekana kwa mlaghai na haupo kwa arnika ya kweli. Hapa uamuzi haukutokana na kuwapo kwa flavonoidi, maana mimea yote miwili inazo. Ulitokana na tofauti ya mpangilio kati ya mistari miwili iliyowekwa sambamba. Mtafiti akilielewa ukurasa huo mmoja, amekielewa kitabu kizima.

4.0 Mipaka ya Atlasi

Atlasi ina mipaka mitatu ambayo mhakiki hawezi kuinyamazia.

Mpaka wa kwanza ni wa jiografia. Dawa zilizomo ni zile za farmakopea na biashara ya Ulaya. Karafuu imo, tangawizi imo, pilipili, manemane na shubiri pia zimo, lakini zimo kama bidhaa zilizokwisha kufika bandari ya Hamburg. Chukua shubiri. Atlasi inatofautisha shubiri ya Rasi ya Afrika Kusini na ile ya Karibi, na inafanya hivyo vizuri. Lakini Afrika Mashariki ina makumi ya spishi za jenasi ya Aloe, mojawapo ikiwa Aloe secundiflora iotayo Kenya na Tanzania. Mtafiti anayelinganisha utomvu wa spishi hiyo na picha za kitabu atakuta tofauti. Je, aseme sampuli yake imechakachuliwa? La hasha. Ameuliza swali ambalo kitabu hakikuandikwa kulijibu.

Mpaka wa pili ni wa mpangilio. Kupanga sura kwa makundi ya viambato kunadhani kwamba msomaji anajua mmea wake uko katika kundi gani. Mtaalamu wa udhibiti wa ubora anajua hilo, kwani lebo imemwambia. Mtafiti aliyenunua mfuko wa mizizi sokoni, wenye jina la kienyeji tu, halijui. Sura ya atlasi ya uchunguzi wa dawa isiyojulikana inamsaidia kwa kiasi, ila inampa dokezo la kundi na si jina la mmea.

Mpaka wa tatu ni wa hali ya hewa. Silika hufyonza unyevu, na silika yenye unyevu hushika kampaundi kwa ulegevu zaidi, hivyo madoa mengi hupanda juu kuliko yalivyotarajiwa. Atlasi ilipigwa picha katika maabara ya Munich. Katika maabara ya Dar es Salaam au Mombasa, ambako unyevu wa hewa hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka, bamba lilelile na kiyeyushi kilekile havitoi namba zilezile. Farmakopea ya Ulaya ya miaka ya karibuni imelitambua tatizo hili. Sura yake ya 2.8.25, inayohusu toleo la ufanisi wa juu la mbinu hii, inaelekeza bamba liwekwe katika unyevu uliodhibitiwa wa takribani asilimia 33 kabla ya kutumika. Habari njema ni kwamba kiwango hicho hupatikana kwa chumvi ya kloridi ya magnesiamu iliyomumunywa majini hadi kushiba na kuwekwa ndani ya chombo kilichofunikwa. Haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji mtu anayejua kwa nini inafanyika.

5.0 Namna Atlasi Inavyosomwa Vibaya

Mipaka hiyo si aibu kwa waandishi, kwani kila kitabu kina wigo wake. Aibu huja msomaji anapochukua viyeyushi vya atlasi na kuacha nidhamu yake. Msomaji wa tasnifu za fani hii hukutana mara kwa mara na makosa matatu.

5.1 Kusoma Rf kama kitambulisho

Kosa la kwanza ni jedwali la Rf lililosimama peke yake. Tasnifu inaeleza kwamba doa lilikuwa na Rf ya 0.42, kwamba katika chapisho fulani kuersetini ina Rf ya 0.43, na kwa hiyo mmea una kuersetini. Hoja hii haisimami. Rf si sifa ya kampaundi kama ilivyo uzito wake wa molekuli. Ni zao la kampaundi, tabaka, kiyeyushi, ujazo wa mvuke ndani ya chemba, halijoto na unyevu wa siku hiyo. Kampaundi nyingi tofauti zinaweza kukomea kwenye kimo kimoja. Rf ya leo hulinganishwa kwa haki na Rf ya leo tu, kwenye bamba lilelile.

Wasomi wa fasihi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mhariri wa miswada ya tenzi hamtaji mtunzi kwa sababu beti zina mizani minane, kwani tenzi nyingi zina mizani hiyo. Huiweka miswada sambamba, mstari kwa mstari, na kutafuta tofauti zinazojirudia. Anayetambua kampaundi kwa Rf moja amemtaja mtunzi kwa kuhesabu mizani.

5.2 Kusoma utupu kama kutokuwapo

Kosa la pili ni kuhitimisha kwamba kisichoonekana hakipo. Mfano ulio karibu nasi ni Artemisia annua, mmea unaolimwa katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Uganda kwa ajili ya artemisinini. Artemisinini haina sehemu katika muundo wake ya kufyonza vizuri miale ya nanomita 254. Mtafiti anayeishia kwenye taa ya urujuanimno atatazama eneo la artemisinini na asione kitu, naye ataandika kwamba sampuli haina kiambato tendaji. Akipulizia kitendanishi cha anisaldehaidi na asidi ya salfa, kisha akapasha bamba moto, doa litajitokeza.

Kosa hili lina pande mbili. Pakanga ya asili ya Afrika, Artemisia afra, hufanana na jamaa yake kwa harufu na uchungu, lakini haina artemisinini ya kutegemewa. Mtu asiyejua kuionesha artemisinini hawezi kuitenganisha mimea hii miwili kwa kiambato chenyewe, na mgonjwa wa malaria anayekunywa mmoja kwa imani kwamba ni mwingine halipi deni la mtafiti kwa alama za mtihani. Analilipa kwa mwili wake.

5.3 Kusoma jina la kundi kama ushahidi wa tiba

Kosa la tatu ndilo lililoenea zaidi. Bamba hupuliziwa kitendanishi cha Dragendorff, doa la machungwa huonekana, na tasnifu huandika: mmea una alkaloidi, alkaloidi hutibu malaria, kwani kwinini ni alkaloidi, kwa hiyo matumizi ya kijadi ya mmea huu yamethibitishwa. Kwa mantiki hiyohiyo tungeweza kusema kwamba mmea utaua, kwani strikinini nayo ni alkaloidi. Jina la kundi halisemi lolote kuhusu tiba wala sumu. Zaidi ya hayo, Dragendorff hukosea. Baadhi ya kampaundi zisizo alkaloidi, zikiwamo kumarini kadhaa, zinaweza kutoa rangi inayofanana.

Katika mwendelezo huo tunakuta matumizi ya beta-sitosteroli kama kitambulisho. Gome la Prunus africana, mti wa milima yetu unaouzwa ng'ambo kwa ajili ya matatizo ya tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya mkataba wa CITES tangu 1995, mara nyingi huelezwa kwa steroli hiyo. Lakini beta-sitosteroli imo karibu katika kila mmea wa nchi kavu. Doa lake kwenye bamba linathibitisha kwamba poda ilitoka kwenye mmea. Halithibitishi ni mmea gani, na mfanyabiashara aliyesaga gome la mti mwingine atafaulu mtihani huo bila wasiwasi.

6.0 Gharama ya Kosa: Tukio la Ubelgiji

Msomaji anaweza kuona kwamba haya ni malumbano ya maabara. Tukio la Ubelgiji linaonesha vinginevyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakifuata tiba ya kupunguza uzito katika kliniki moja ya Brussels walianza kupata ugonjwa wa figo uliokwenda kasi. Jean-Louis Vanherweghem na wenzake waliuripoti mwaka 1993. Mimea ya Kichina ilikuwa imeongezwa kwenye vidonge vyao, mmojawapo ukiwa Stephania tetrandra. Uchunguzi wa kikemia uliofuata ulikuta asidi za aristolokia, ambazo Stephania haina. Mzizi uliouzwa ulikuwa wa Aristolochia fangchi. Katika biashara ya Kichina mimea yote miwili hubeba jina la fangji, mmoja ukiitwa han fangji na mwingine guang fangji. Walioathirika walizidi mia moja, baadhi wakahitaji kubadilishiwa figo, na mwaka 2000 ikaripotiwa kwamba karibu nusu ya waliotolewa figo walikuwa wamepata saratani ya njia ya mkojo. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani sasa unaiweka asidi ya aristolokia katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Tutumie tukio hili kupima makosa tuliyoyataja. Je, kipimo cha kundi kingewaokoa wanawake wale? Tetrandrini, kiambato cha Stephania, ni alkaloidi, na Dragendorff ingeionesha. Lakini jenasi ya Aristolochia nayo ina alkaloidi zake, ikiwamo magnoflorini. Mtu aliyeuliza tu kama kuna alkaloidi angejibiwa ndiyo, na mzigo ungepita. Beta-sitosteroli nayo ingejibu ndiyo kwa mimea yote miwili. Kinyume chake, mtu ambaye angeweka mistari mitatu kwenye bamba moja, yaani poda iliyonunuliwa, Stephania iliyothibitishwa na tetrandrini safi, angeona kwamba mistari hailingani. Asingehitaji kujua asidi ya aristolokia ni nini. Angejua tu kwamba mgeni huyu si yule aliyealikwa, na hilo lingetosha kusimamisha mzigo.

7.0 Mfano wa Nyumbani

Mazingira yaliyoleta msiba wa Brussels ni jina moja kwa mimea miwili, poda isiyo na sura, na mnunuzi asiye na cha kulinganishia. Mazingira hayo yapo katika masoko yetu. Mwarobaini, Azadirachta indica, ni dawa inayojulikana na kila nyumba pwani, na jina lake linabeba imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Una ndugu wa ukoo mmoja, Melia azedarach, uliopandwa kwa wingi kama mti wa kivuli na ambao matunda yake yana sumu. Mti ukiwa umesimama, mjuzi huutofautisha kwa jani, kwani jani la mwarobaini limegawanyika mara moja na la melia limegawanyika mara mbili au zaidi. Jani likikaushwa na kusagwa, elimu hiyo ya jicho inakwisha, na hapo ndipo bamba linapopaswa kuanza kazi.

Atlasi haitamsaidia mtafiti kwa picha hapa. Itamsaidia kwa kanuni. Achukue majani ya mwarobaini yaliyotambuliwa na mtaalamu wa mimea, na majani ya melia yaliyotambuliwa vivyo hivyo. Ahifadhi vielelezo vyake katika hebaria, iwe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya Arusha au ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi. Aandae madondoo kwa njia moja, ayaweke sambamba na poda ya sokoni, na achunguze kama mpangilio wa mistari unatenganisha mimea miwili katika sampuli za maeneo na misimu mbalimbali. Tasnifu ya namna hiyo ingekuwa ukurasa mpya wa atlasi, ukurasa ambao Munich haikuweza kuuandika.

8.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni umaskini wa maabara. Inasemwa kwamba kampaundi safi za rejea ni ghali na huagizwa ng'ambo, kwa hiyo mwanafunzi afanye awezavyo. Ni kweli kwamba ni ghali. Lakini kwa swali la utambulisho, rejea ya kwanza ni mmea wenyewe uliothibitishwa, na mmea huo uko nje ya mlango wa maabara. Gharama yake ni safari ya shambani na heshima kwa mtaalamu wa hebaria. Tasnifu inayokosa kampaundi safi inaweza kusamehewa kwa sharti kwamba hitimisho lake halitaji kampaundi hiyo. Inayokosa kielelezo cha mmea haiwezi kusamehewa, kwani hakuna atakayejua ilichunguza nini.

Pingamizi la pili ni kwamba mbinu imepitwa na wakati, na kwamba mashine za kromatografia ya kimiminika na spektrometa za masi zimeifanya isiwe na maana. Hoja hii inachanganya ukali wa kifaa na ukali wa fikra. Mashine hizo pia hutoa kilele kisicho na jina pale zisipopewa rejea. Aidha, uzoefu wa dawa za kisasa unatufundisha jambo. Kisanduku cha Minilab, kilichobuniwa Ujerumani na kutumiwa pia na wakaguzi wa dawa wa Tanzania, hutegemea mabamba haya kugundua vidonge bandia. Utaratibu wake unamtaka mkaguzi aweke kando ya kidonge kinachoshukiwa rejea mbili, moja ya kiwango kamili cha asilimia 100 na nyingine ya asilimia 80, ndipo alinganishe. Mkaguzi aliye mpakani hapitishi kidonge bila rejea. Haieleweki kwa nini mtafiti wa chuo kikuu aruhusiwe kupitisha mzizi bila rejea.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: hata bamba lililofanywa vizuri halithibitishi usalama. Hili ni kweli na lazima liandikwe waziwazi katika kila tasnifu. Mpangilio sahihi wa mistari hauoni risasi wala zebaki, hauhesabu vimelea, na haumjui mchuuzi aliyeongeza deksamethasoni kwenye poda, isipokuwa kama mtafiti ameitafuta kwa makusudi na kuiwekea rejea. Bamba hujibu swali moja kwa wakati mmoja. Ubaya huja tunapolilazimisha lijibu maswali ambayo halikuulizwa.

9.0 Hitimisho

Atlasi ya Wagner na Bladt inastahili nafasi yake kwenye rafu. Ni kitabu kinachoonesha kabla ya kudai, na kinachoweka dawa ya kweli na ya uongo mbele ya macho ya msomaji. Upungufu wake kwetu ni kwamba mimea mingi ya wagonjwa wetu haimo, na picha zake haziwezi kusimama badala ya sampuli rejea katika hewa ya nchi nyingine. Kukitumia kama kitabu cha mapishi ni kukidhulumu.

Kwa watahini, uhakiki huu unapendekeza maswali matano kabla ya sura ya matokeo kukubaliwa. Kielelezo cha mmea kimehifadhiwa wapi, na kwa namba gani? Ni rejea gani iliyopita kwenye bamba lilelile? Bamba lilitazamwa kwa mianga na vitendanishi vingapi, na je, kampaundi inayotafutwa inaonekana kwa hivyo? Unyevu na ujazo wa chemba vilidhibitiwaje? Na je, hitimisho linasema zaidi ya kile ambacho mistari iliyolinganishwa inaruhusu?

Maswali haya hayahitaji fedha mpya, na mtahini asiye mkemia anaweza kuyauliza. Nchini Tanzania, tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, dawa za mitishamba zina baraza la kuzisimamia, na baraza lolote la namna hiyo hutegemea ushahidi unaozalishwa vyuoni. Tasnifu ikishawekwa kwenye hazina iliyo wazi, haisomwi na watahini wawili tu. Husomwa na mtengenezaji wa dawa anayetafuta neno la kitaalamu la kuweka kwenye lebo. Bamba lisilo na rejea litampa neno hilo, na mgonjwa atakayeisoma lebo hatakuwa na njia ya kujua kwamba nyuma yake hapakuwa na ulinganishi wowote.